Ampu ya LM386 inapiga mluzi? Anzia hapa
Yakhe ukiwasha ampu yako (kikuza sauti) spika ikalia fiii na mziki hujaweka, au husikii kitu lakini aisi (ile LM386 yenyewe, kidude cheusi chenye pini) inachoma kidole, ujue inajipigia yenyewe, sauti ya kutokea inarudi kuingilia. Usikimbilie sokoni Darajani kununua aisi nyengine, mara nyingi hiyo nzima.

Kwanza unga pini ya 3 (ya kuingilia sauti) na graundi (upande wa hasi) kwa kipande cha waya. Ikinyamaza, waya wa kuingilia ndo mchawi, ufupishe, tumia ule uliozungushiwa wavu wa waya na uuweke mbali na wa spika.

Isiponyamaza basi mchawi ni umeme unaolisha aisi. Tia kapasita ya 100 nF (imeandikwa 104) kutoka pini ya 6 (ya umeme) mpaka ya 4 (graundi), miguu mifupi, yani iwe imegusana na aisi, sio unaiweka kule mwisho wa ubao halafu unasema umeshatia! Pembeni yake ile kubwa ya 470 µF. Kama mlio ni tu-tu-tu kama mashine ya boti, cheki betri, ikichoka hufanya hivo.

Halafu rizista ya om 10 na kapasita ya 47 nF zifuatane, kutoka pini ya 5 (ya kutokea sauti) kwenda graundi, watu wengi wanaziruka kwa vile sauti inatoka hata bila hizo.

Graundi ya spika ipeleke moja kwa moja kwenye hasi ya ile kapasita kubwa, isichangie njia na ya kuingilia. Bado inalia? Toa kapasita ya 10 µF iliyo baina ya pini 1 na 8, ukuzaji utashuka kutoka 200 hadi 20.