Kahawa ya kulowekwa kwa maji baridi: somo kwa wanaoitengeneza nyumbani

Jambo hili naulizwa karibu kila wiki, barazani na kwa simu, kwa hiyo nimeona niliandike lote mahali pamoja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Kahawa ninayoizungumzia si ile ya dele (birika la kuchemshia kahawa) iliyopoa, wala si kahawa ya moto iliyotiwa barafu, bali ni kahawa ambayo tangu ilipokaangwa haikuguswa tena na moto, na ambayo imetoa ladha yake polepole ndani ya maji baridi.

Tayarisha gramu 100 za kahawa iliyokaangwa, mililita 800 za maji, mtungi wa kioo wenye kifuniko, chujio la chai na kipande cha melimeli, yaani kitambaa chepesi cha pamba.

Hatua ya kwanza ni kununua kahawa nzima, si unga.

Hatua ya pili ni kuisaga, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kahawa yetu ya barazani hutwangwa laini kwa sababu inachemshwa, na mashapo yake hutuama chini ya dele. Ukiuloweka unga huo huo kwa usiku mzima utapata tope, kwa kuwa chembe laini hupenya kitambaa, zikatua chini ya chupa na kuendelea kutoa uchungu kwa siku zote utakazoihifadhi. Twanga kidogo kidogo mpaka upate chenga, kisha chekecha ili unga utoke, nao usiutupe, kwani unafaa kwa kahawa ya moto. Kujua kama umepatia, weka kahawa kidogo kiganjani na uisugue kwa kidole gumba: zinatakiwa zisikike chenga ngumu zinazoviringika, na kiganja kisibaki na vumbi la kahawia. Usitumie kinu kinachotwangiwa kitunguu thaumu, hata kama kimeoshwa. Usinunue kahawa iliyokwisha kuchanganywa na tangawizi, kwa sababu hiyo imesagwa kwa ajili ya dele.

Hatua ya tatu, tia kahawa mtungini, mimina maji, koroga mpaka chenga zote zilowe, kisha funika. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Hakuna moto katika kazi hii, basi hakuna kitakachoua vijidudu baadaye. Maji ya visima vya karibu na pwani, yenye chumvi, hayafai kabisa.

Hatua ya nne, weka mtungi ndani ya friji kwa saa 16 hadi 18. Ukiloweka baada ya Isha, chuja baada ya Adhuhuri ya kesho yake.

Hatua ya tano, chuja kwanza kwa chujio, kisha kwa melimeli, na uiache kahawa ishuke yenyewe. Mikono yetu imezoea kukamua tui, lakini hapa usikamue, kwa sababu ukikamua unasukuma nje unga na uchungu ulioukwepa usiku kucha. Kitambaa cha tui nacho kisitumike, maana mafuta ya nazi hubaki katika nyuzi.

Kahawa hiyo ni nzito. Changanya nusu kwa nusu na maji au maziwa, na iliyobaki itakaa katika friji kwa wiki moja.

Maswali

*Nimefuata kila kitu lakini imetoka tope. Nilitumia unga wa pakiti.*

Basi hukufuata kila kitu. Tafadhali rudia hatua ya pili.

*Je, kahawa ya kopo inafaa?*

Haifai. Hiyo imeshapikwa na kukaushwa, nayo huyeyuka tu.

*Samahani, kwa nini maji baridi hayaleti uchungu ule ule?*

Swali zuri sana, ndugu yangu. Maji ya moto huvuta vitu vingi kwa mara moja, vitamu na vichungu pamoja, ilhali katika baridi vile vichungu na vikali hutoka polepole na kwa uchache. Hasara yake ni kwamba harufu nayo hupungua. Kafeini, hata hivyo, hutoka vizuri, hivyo asiyepata usingizi asidanganyike na ulaini wa ladha. Linganisha arabika ya Kilimanjaro na robusta ya Kagera: robusta ina kafeini takriban mara mbili, na uchungu wake huonekana hata katika baridi.

*Umeme ukikatika usiku, niimwage?*

Friji isipofunguliwa hubaki na baridi kwa takriban saa 4. Umeme ukirudi ndani ya muda huo, endelea. Ukichelewa zaidi na mtungi umeshapata joto, usiihifadhi.

*Bibi yangu hutia iliki na karafuu. Nazo zilowekwe?*

Ndiyo, na bibi amepatia. Banja iliki tatu uziloweke pamoja na kahawa, lakini karafuu iwe moja tu, tena uitoe baada ya saa chache, kwani karafuu nzuri ya Pemba hufunika kila kitu. Tangawizi iwe kavu, iliyobanjwa.

*Mimi hugandisha kahawa yenyewe katika kisahani cha barafu, ili bilauri isizidi maji.*

Shukrani, hilo ni jambo jema. Igandishe iliyokwisha kuchanganywa na maji, kwa sababu ile nzito ikiyeyuka itakufanya uongeze maziwa kila mara.