Somo: Kutibu kutu kwenye bodi ya gari la zamani na kuizuia isirudi

Wakuu salama. Leo tuongelee kutu, maana naona magari mazuri ya zamani yanapigwa rangi juu ya kutu halafu baada ya muda mfupi yanaanza kuvimba tena, na inaniuma kweli. Kutu inataka maji na hewa tu, chumvi ikiingia ndo inakimbia zaidi. Na ile kutu yenyewe inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndo maana rangi inainuka malengelenge. Ukiona lengelenge dogo pale chini ya mlango ujue mara nyingi imeanzia ndani kitambo.

1. Tafuta maji yanakaa wapi, kabla hata hujashika msasa. Inua kapeti, toa tairi la spea uangalie chini yake, chungulia ndani ya mudgadi matope yanapojikusanya, angalia na chini ya mpira wa kioo cha mbele. Milango ina vitundu vya kutolea maji kwa chini, vikiziba majani na tope mlango unageuka ndoo, zibua. Halafu dunga na bisibisi kila penye wasiwasi, ikizama hapo sio msasa tena, ni kukata na kuchomelea. Hii hatua wengi wanairuka na ndo yenye kazi yote, kama maji bado yanaingia utarudia kila mwaka.

2. Osha na sabuni, kausha, futa grisi kwa thina.

3. Kwangua mpaka chuma king'ae. Brashi ya waya kwanza, kisha msasa namba 80, na uvuke sentimita kadhaa kwenye rangi inayoonekana nzima, kwa sababu kutu inatambaa chini yake. Malizia na 180 mpaka 240 ili kingo za rangi zisiachie ngazi. Ukitumia grinda usikandamize sehemu moja, bati la bodi mara nyingi halifiki hata milimita 1, likipata moto linapinda. Miwani na maski ni lazima jamani.

4. Vile vidoa vyeusi vilivyobaki kwenye vishimo paka dawa ya kutu. Nyingi zina asidi ya fosforiki, inageuza kutu kuwa fosfati ya chuma. Soma kopo, nyingine zinataka kusuuzwa kwa maji, maana praima ya epoksi (praima ni rangi ya msingi inayotangulia juu ya chuma) haishiki vizuri juu ya mabaki ya asidi.

5. Praima siku hiyohiyo, chuma kitupu kisilale nje. Mimi nashauri epoksi, maana praima nyingi za kawaida zinanyonya unyevu, gari likikaa na praima peke yake kutu inaendelea humohumo. Puti, ile ya kujazia mabonde, nayo inanyonya maji, kwa hiyo ikae juu ya epoksi, sio juu ya kutu hata siku moja. Ndo ije rangi na klia, ile ya juu isiyo na rangi ya kung'arisha.

6. Ndani ya milango na maboksi ya chini (yale ya bati yanayopita chini ya milango) puliza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mwembamba, ukimaliza hakikisha vile vitundu vya maji viko wazi.

MASWALI

Swali: Mkuu siki inafaa?
Jibu: Kwa vitu vidogo unavyofungua inafaa sana, loweka usiku kucha, sugua, suuza na maji yenye magadi kuua asidi, kausha fasta upake oili. Ila springi na bolti ngumu za saspensheni usiziloweke kwenye asidi yoyote, chuma kigumu kinaweza kuja kukatika ghafla.

Swali: Boksi la chini ya mlango lina tundu linaingia kidole, naweza kuweka faiba na puti nikamaliza?
Jibu: Hapana ndugu yangu, pale panabeba nguvu ya bodi, ukigongwa ubavuni ndo panakulinda. Kata mpaka ukute chuma kizima, chomelea bati. Kabla ya kuchomelea chomoa betri, toa kapeti, angalia mipira ya mafuta inapita wapi, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Swali: Kuna fundi kaniambia nipulize oili chafu chini ya gari, ni kweli inasaidia?
Jibu: Inazuia kidogo ila inaozesha bushi za mpira, inachafua ardhi, na ikifika kwenye breki ni hatari. Tumia nta ya chini ya gari. Ile lami nyeusi nzito nayo usiipake juu ya kutu, ikipasuka inafungia maji na huoni kinachoendelea mle ndani.

Swali: Langu halitembei, nimelifunika turubai la nailoni, liko salama?
Jibu: Litoe hilo, linafungia jasho usiku kucha. Weka kifuniko kinachopitisha hewa, na siku za jua fungua milango likauke.