Kumvua straipa mwanzo wa joto: fuata maji, usifuate kalenda

Sisi tuliokulia pwani ya Tanga tumezoea bahari ya vuguvugu mwaka mzima. Huku New Jersey, Marekani, bahari hulala, kisha ikaamka. Straipa, yule samaki wa milia saba au nane ubavuni, huamka nayo, akaelekea kutaga kwenye mito ya Chesapeake, Delaware na Hudson.

1. Pima maji, achana na hewa. Aprili yangu ya kwanza jua lilinidanganya: nimevaa shati tu, kumbe maji nyuzi 6 za Selsiasi. Nikarudi na ndoo kavu. Funga kipimajoto kwenye kamba, kizamishe, ngoja dakika tatu. Ukiwa nyumbani, kituo cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, pale Sandy Hook hutoa joto la maji bure mtandaoni.

2. Soma namba. Chini ya nyuzi 7 yupo, ila kazubaa. Kati ya 8 na 12 anaanza kula. Ndiyo Raritan Bay, ghuba ya huku kwetu, ya Machi mwishoni na Aprili. Kuanzia 14 hivi mpaka 20 yuko mtoni anataga. Akimaliza hushika njia ya kaskazini: Mei Cape Cod, Juni Maine.

3. Tafuta tope jeusi, maji mafupi. Hapa ndipo penye utamu. Maji yaliyojaa mchana hutanda juu ya tope, jua likayapasha. Yakianza kupwa alasiri hutoka na joto hilo. Kwenye mdomo wa kijito kimoja nimewahi kupima 8 asubuhi na 11 saa kumi jioni. Asubuhi sikuguswa hata mara moja. Jioni walikuwa wamejipanga pembeni mwa mkondo, vichwa vimeelekea kijitoni. Upepo wa kaskazini ukivuma usiku kucha, hesabu hiyo futa, upime upya.

4. Chambo. Maji yakiwa baridi, minyoo ya matopeni, chini kabisa, bila kuivutavuta. Ncha ya fimbo itatikisika kidogo tu, utadhani kaa. Usikurupuke. Kwa chambo, sheria inataka ndoano ya duara, nayo ukiikung'uta inachomoka. Kaza mshipi taratibu, itajishika yenyewe pembe ya mdomo. Maji yakipita 12, weka kipande cha menhadeni, samaki mdogo wa mafuta anayeliwa na straipa.

5. Rula mkononi. Baharini ni mmoja kwa siku, inchi 28 hadi 31. Mto Hudson una vipimo vyake, na kanuni hubadilika, kwa hiyo angalia za jimbo lako kabla ya kutoka. Maji yakifika nyuzi 21 mimi hufungasha, maana straipa aliyepigana kwenye maji ya moto, hata ukimwachia, mara nyingi hafiki mbali.