"Nimefunga" pekee haitoshi

Wenzangu mnaotoa dawa ya usingizi hapa Pemba, Ramadhani hii mgonjwa akisema "nimefunga", muulizeni daku alikula saa ngapi, kisha mtazame tumbo lake kwa ultrasaundi kama bado lina chakula. Maumivu makali, uchungu wa uzazi na kisukari huchelewesha chakula kutoka tumboni hata saa 6 zikishapita tangu alipokula.

Mlaze ubavu wa kulia, weka kichwa cha mashine ya ultrasaundi chini ya chembe cha moyo kwa urefu wa mwili, utafute mfuko wa chakula nyuma ya ini. Ukiwa mtupu huwa mdogo, umenywea. Maji huonekana meusi. Yakizidi mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito, hesabu umejaa. Juzi niliona ukungu mweupe kama tui zito: wali wa daku bado upo. Haikuwa dharura, tukaahirisha.