Namna ya Kukusanya na Kuandika Habari za Wahitimu Wenzetu

Kazi ya kukusanya habari za watu uliosoma nao chuo kikuu huonekana nyepesi mpaka siku unapokabidhiwa wewe. Wenzako hukuchagua mwishoni mwa mkutano, wakakutaka uandike kila baada ya miezi minne nani amepata kazi na wapi, nani ameoa au kuolewa, nani amejaaliwa mtoto na nani ametangulia mbele ya haki, kisha kila mmoja akashika njia yake. Nimeifanya kazi hii kwa miaka sita hapa Unguja, nikiwaandikia wahitimu waliotawanyika kuanzia Micheweni hadi Muscat, na yote ninayoyaeleza hapa yamejengwa juu ya kanuni moja: habari ya mtu ni mali yake, na haitoki mpaka yeye mwenyewe aithibitishe.

Anza na daftari la majina

Kabla hujamuuliza mtu yeyote habari yoyote, tengeneza orodha ya wahitimu. Visiwani kwetu majina yanarudiana sana, kwa kuwa mtoto hupewa jina la babu yake, na katika darasa moja unaweza kuwakuta watu wawili ambao jina lao, la baba na la babu ni yale yale. Kwa hiyo andika majina matatu kamili, mwaka wa kuhitimu, fani aliyosoma, kijiji au mtaa alikotoka, na lile jina la utani ambalo wenzake wa dakhalia, yaani bweni, walimzoea nalo, ambalo mara nyingi ndilo pekee wanalolikumbuka. Muulize pia analiandikaje jina lake, maana yupo Khamis na yupo Hamis, yupo Salum na yupo Salim, na mtu huudhika akiliona jina alilopewa na wazee wake limegeuzwa. Wanawake wetu hubaki na majina ya baba zao baada ya kuolewa, basi usimwandike mhitimu mwenzako kwa jina la mumewe. Kumwita Mama Fulani ni heshima kubwa barazani, lakini katika orodha aonekane kwa jina lililomo katika cheti chake.

Nalisisitiza jambo la majina kwa sababu liliwahi kunifika. Katika toleo la pili la habari hizi nililoandika, niliambiwa kwamba mwenzetu mmoja ameoa Bububu, nami nikaandika pongezi, nikataja fani yake na mji anaofundisha. Kumbe walikuwa wawili wenye majina matatu yaliyofanana, wamepishana mwaka mmoja tu wa kuhitimu, na niliyemtaja siye aliyeoa. Huyu alikuwa na mke na watoto wawili Wete, na mkewe aliisoma ile pongezi kabla mumewe hajarudi kazini. Wiki ile ile nilipanda boti kwenda Pemba kumwomba radhi mbele ya kaka yake. Alinipokea kwa adabu, akaniandalia chai na mkate wa ufuta, na nilipomaliza maneno yangu akaniuliza swali moja tu: "Maalim, kwani nambari yake ya simu hukuwa nayo?" Nilikuwa nayo.

Majina ya vyuo nayo yanahitaji uangalifu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001, lakini baadaye kiliunganishwa na vyuo vilivyokuwa vikijitegemea, kikiwemo chuo cha afya cha Mbweni na kile cha utalii cha Maruhubi. Chuo cha Chukwani kilichoanza mwaka 1998 kwa ajili ya kusomesha walimu leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Muuguzi aliyesoma Mbweni kabla ya kuunganishwa anaweza kupenda chuo chake kitajwe kwa jina la wakati ule, na ana haki hiyo. Andika jina lililokuwepo alipohitimu, kisha eleza kwa maneno machache kinaitwaje sasa, ili kijana aliyehitimu juzi asidhani kwamba ni chuo kingine.

Kuuliza ili ujibiwe

Wakati wa kuuliza una umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ramadhani watu wameshughulika na ibada na futari, na ndoa huwa chache. Mara Idi ikipita, Mfungo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, harusi hufuatana, na habari nazo hufuatana. Mimi hutuma maswali mwishoni mwa Mfungo Mosi, na majibu huja mengi kuliko wakati mwingine wowote. Ukiambiwa mtoto alizaliwa "Mfungo Sita, baada ya Maulidi", tafuta tarehe na mwaka wa kalenda ya kawaida uziandike pamoja, kwa kuwa wenzetu waliohamia bara au ng'ambo hawaihesabu tena miezi kwa mifungo.

Usiulize "Vipi maisha?" katika kundi la simu, kwa maana utajibiwa "Alhamdulillahi" na watu arubaini, na hutakuwa na hata mstari mmoja wa kuandika. Mwandikie kila mtu peke yake, kwa jina lake, umuulize jambo linaloweza kujibiwa. Dada mmoja aliwahi kuniletea jibu la maneno manne: "Nipo salama, bado nafundisha." Nikamuuliza mambo matatu: anafundisha somo gani na wapi, ni kitu gani kazini kilichompa furaha mwaka huu, na nyumbani anaishi na nani. Akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika tano, huku nyuma ukisikika mlio wa sufuria na mtoto akiomba maji. Kutokana na ujumbe ule niliandika hivi:

"Bi Fulani (Ualimu wa Sayansi, 2012) anafundisha Hisabati na Fizikia katika skuli ya sekondari Wilaya ya Micheweni. Mwaka huu yeye na wanafunzi wake wametengeneza vifaa vya kufundishia mkondo wa umeme kwa betri kuukuu na nyaya za redio zilizoharibika, na anawakaribisha walimu wenzake kuja kuvitazama. Anaishi na mama yake mzazi na watoto wake watatu."

Maneno hayafiki sitini, lakini wiki ile walimu wawili wa Unguja waliniomba nambari yake, nami nikamuuliza kwanza kabla ya kuwapa. Habari ya kazi inapoeleza mtu anafanya nini hasa, huwawezesha wenzake kumfikia wakiwa na haja ya msingi. Habari inayotaja cheo peke yake huwaachia pongezi tu.

Cheo kisizidi wala kisipungue

Ukiandika habari za kazi, kuna maneno manne au matano ambayo ukiyakosea unamdhuru mwenyewe. Anayekaimu nafasi hajateuliwa kuishika, na ukimwandika kuwa ndiye mkurugenzi wakati barua yake inasema "kaimu", wakubwa zake wanaweza kudhani kwamba yeye ndiye anayejitangaza. Anayesoma shahada ya uzamivu bado si Daktari, hata kama wenzake wameshaanza kumwita hivyo. Subiri amalize utetezi wa tasnifu na apitishwe. Na kwa kuwa jina la Daktari kwetu hutumika kwa tabibu na kwa msomi wa uzamivu, ongeza fani ili msomaji asije akampelekea mgonjwa mtaalamu wa historia. Aliyepata mkataba wa mwaka mmoja asiandikwe kana kwamba ameajiriwa moja kwa moja. Kwa watumishi wa umma, uliza pia kama uhamisho wao umeshatangazwa rasmi, kwa sababu mtu anaweza kukusimulia kwa furaha jambo ambalo barua yake haijatoka.

Wasio na ajira ya ofisini ndio wanaoogopa zaidi kujibu, na hao ndio ninaowatafuta kwa bidii. Mwenzetu aliyesomea uhasibu na sasa ana duka la vipuri Mwanakwerekwe ana habari. Aliyebaki nyumbani Makunduchi kumuuguza baba yake kwa miaka miwili naye ana habari, akipenda kuitoa. Usiweke habari zao mwisho wa ukurasa. Mimi hupanga kwa mwaka wa kuhitimu, wa zamani kwanza, na ndani ya mwaka hufuata alfabeti, hivyo waziri na muuza duka hukaa jirani na hapana anayeuliza kwa nini.

Harusi, watoto na yasiyotangazwa

Katika habari za ndoa, taja wanandoa, siku ya akdi na mahali ilipofungwa, na usitangaze posa wala ndoa ambayo haijafungwa, hata kama kadi zimeshagaiwa. Picha ni amana nyingine. Bibi harusi wengi wa kwetu hupigwa picha mbele ya wanawake peke yao, na picha hizo hazitakiwi kuonekana na mtu wa nje. Basi hata kama shoga yake amekutumia kwa nia njema, ifute, kisha muulize mwenyewe kama anapenda picha yoyote itoke. Wengi husema hapana, na ukurasa usio na picha haupungukiwi na kitu.

Mtoto akizaliwa, ngojea apewe jina. Mtaje kwa jina na tarehe, wataje wazazi wote wawili iwapo wote wameridhia, na uishie hapo. Uzito wake na hospitali aliyozaliwa ni mambo ya nyumbani kwao.

Talaka haiandikwi hata mara moja, ijapokuwa mji mzima unajua. Maradhi hayaandikwi ila mgonjwa mwenyewe, au jamaa yake wa karibu kwa idhini yake, akiomba yatajwe ili wenzake wachange au wamwombee dua, na hapo andika kile alichoomba kiandikwe, bila ya kuongeza maelezo ya ugonjwa. Usimuulize mtu aliyeoa au kuolewa miaka mingi kama amepata mtoto. Fomu niliyoirithi ilikuwa na mstari uliosema "Idadi ya watoto", na nimeufuta. Mahali pake nimeandika "Jambo lolote la nyumbani ambalo ungependa wenzako walijue". Tangu hapo nimepata habari za wazazi waliorudi salama kutoka Hija, mdogo wa mtu aliyefaulu mitihani na nyumba iliyoezekwa baada ya miaka tisa ya kujenga, na watu waliokuwa hawajibu sasa wanajibu.

Habari ya msiba

Kwetu maiti huzikwa haraka, mara nyingi siku ile ile, na tangazo hutoka redioni na misikitini muda mrefu kabla toleo lako halijakamilika. Kwa hiyo usiandike kana kwamba unatangaza kifo, andika kumbukumbu. Thibitisha kwa mtu wa familia, si kwa ujumbe uliosambazwa, kisha taja jina lake kamili, mwaka aliohitimu, kazi aliyoifanya na tarehe aliyofariki, na uwaombe wawili au watatu waliosoma naye wakupe kumbukumbu moja moja. Mwenzetu mmoja alikumbukwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwaamsha dakhalia nzima kwa ajili ya daku, akigonga mlango kwa mlango kwa kijiko na sahani ya bati; kaka yake aliniambia kwamba nyumbani kwao hakuna aliyewahi kulisikia jambo hilo. Ikiwa marehemu ameacha mjane, usimpigie simu akiwa katika eda yake ya miezi minne na siku kumi. Zungumza na kaka yake au mwanawe mkubwa, naye atakuletea jibu.

Kumrudishia mwenyewe

Ukishaandika, kila habari irudi kwa mwenyewe kama itakavyosomeka, nukta kwa nukta, na umpe siku saba. Asipojibu, habari yake ibaki kwako mpaka toleo lijalo, hata kama unaijua fika na hata kama ni njema. Kunyamaza usikuhesabu kuwa ni ridhaa. Nambari za simu, anwani na mahali watoto wanaposoma visiingie kabisa katika toleo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria hiyo, kumtunzia mwenzako siri ya nyumba yake kulikuwa sehemu ya ujirani wetu.

Likitokea kosa, lisahihishe katika toleo linalofuata, ukurasa wa kwanza, kwa maneno ya wazi, baada ya kumpigia simu aliyekosewa. Chapisha nakala chache za karatasi kwa ajili ya wahitimu wa mwanzo na wazazi wa marehemu, ambao wengi wao hawasomi kwenye simu. Za Pemba mimi huzipeleka bandarini Malindi siku moja kabla, katika bahasha yenye jina la mpokeaji na la mtu atakayeipokea Mkoani, na daftari la majina huliweka nakala mbili, moja kwangu na moja kwa yule atakayenirithi kazi hii, ambaye tayari nimeshaanza kumfundisha namna ya kuuliza.