Ukiongeza kasi ya prosesa, joto liishie wapi?

Ukiongeza kasi ya prosesa kwenye kompyuta ya mezani, usijipimie kwa ile nyuzi 100 ya Intel. Hicho ni kikomo cha prosesa nyingi za Intel Core: joto likifika hapo, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe na kazi yako yote ya BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, unakoongezea kasi) inapotea bure. Mimi nashauri lisivuke 85 kwenye jaribio zito kama Prime95. Ukicheza gemu, 60 hadi 75 ni salama kabisa. Ryzen 7000, prosesa za AMD, ni habari nyingine. AMD wameziunda nyingi zifanye kazi hadi 95, hivyo usishtuke ukiiona namba hiyo kazi ikiwa nzito, ila 7800X3D kikomo chake ni 89.

Soma joto kwa programu ya HWiNFO, na jaribio liende angalau nusu saa. Dakika za mwanzo hudanganya, hasa ukitumia kipozaji cha maji, maana maji huchelewa kupata moto. Halafu angalia chumba: kikipanda kutoka nyuzi 22 hadi 32, prosesa nayo hupanda karibu 10 zilezile. Kama ulijaribu usiku kiyoyozi kikipuliza, tafadhali rudia saa nane mchana.

Volteji iogope kuliko joto. Joto likizidi, prosesa hujilinda; volteji uliyoipandisha kwa mkono huichakaza kimyakimya. Mashine ikiganda, shusha kwanza kasi kwa MHz 100 kabla ya kugusa volteji.