SOMO: Kanula ya mtoto, itunze isimwachie kovu

Kila wiki naulizwa: "Sista, mkono wa mtoto umevimba, niendelee na dripu?" Naandika leo mara moja. Kanula ni kile kijimrija cha plastiki kinachobaki mshipani, dawa na dripu hupitia humo.

1. Nawa mikono, vaa glavu.

2. Chagua kanula ndogo inayotosha. Kwa kichanga, ya njano (saizi 24). Epuka kwenye kiungo kinachokunjwa.

3. Ikishaingia, fungua mpira uliofungia mkono.

4. Plasta. Hapa ndipo nilipomuumiza mtoto. Nikiwa mgeni wodini, nilimzungushia wa miezi saba bandeji kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, asiing'oe. Nikampa kalsiamu glukoneti. Alilia mno, nikadhani ananiogopa. Nilipofungua, ngozi ilikuwa ngumu, imevimba, imepauka. Dawa imemwagikia nje ya mshipa. Pakawa kidonda, kisha kovu. Kwa hiyo: sehemu ilipoingia kanula ionekane, ncha za vidole zionekane, plasta isizungushwe mkono mzima. Kilio cha mtoto unapompa dawa ni taarifa. Simama, tazama.

5. Kabla ya kila dawa, sukuma maji ya chumvi 0.9% taratibu huku ukipapasa juu ya ncha ya kanula. Pakiwa pagumu, usilazimishe.

6. Dripu ikitembea, tazama kila saa, linganisha mikono yote miwili.

MASWALI

Nesi wa zamu: Umevimba kidogo tu. Nipunguze kasi?
— Hapana. Funga dripu, toa kanula.

Nesi wa zamu: Mbona pampu haijapiga kelele?
— Pampu haioni mkono. Inaweza kuendelea kusukuma maji kwenye nyama. Rudi namba 6.

Mwanafunzi: Dawa kali ikimwagika, nachomoa hapohapo?
— Umeuliza vizuri. Simamisha dawa, usisukume chochote. Unganisha bomba la sindano tupu, vuta taratibu kitakachotoka, ndipo uchomoe. Inua mkono, chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu uone kama unasambaa, mwite daktari, andika kwenye faili. Kalsiamu, potasiamu, fenitoini na dextrose 50% hazisubiri.

Mama Pendo: Wangu ana kanula siku ya nne, ibadilishwe?
— Mama, kwa watoto hatubadilishi kwa kuhesabu siku tu. Inatolewa ikileta shida au isipohitajika tena. Ukiona wekundu, joto, au akishtuka ukigusa, mwite nesi hata usiku wa manane.

Mama Pendo: Asante sista. Mimi nilikata ncha ya soksi nikamvisha juu yake, haichezei tena.
— Nzuri hiyo. Isibane tu, na uifunue kila nesi anapopita.